Korosho za Kusini: Misimu, Mavuno na Bei Tangu Zamani Hata Sasa



Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi, na Bodi imetuagiza sisi tulio katika ofisi ya Katibu tuandike habari za zao lililokizaa. Desturi ya vitabu vya namna hii ni kuanza kwa kuhesabu majengo, magari na mikutano. Sisi tumeona afadhali tuanze na mti wenyewe. Chama cha miaka kumi ni mtoto mbele ya mkorosho wa miaka sitini, na mambo mengi yaliyotupata katika miaka hii kumi yalikwisha kuwapata wazee wetu kabla hatujazaliwa, ila wao hawakuwa na kitabu cha kuyaandikia.

Mkorosho si mti wa asili ya kwetu. Wareno waliutoa Brazil katika karne ya 16 wakauleta pwani ya Afrika ya Mashariki, nao ukaenea polepole kwa mikono ya watu, na hata kwa popo na wanyama walao bibo na kuidondosha mbegu njiani. Kwa muda mrefu mno hapana aliyeuhesabu kuwa ni mali. Bibo lililiwa, likakamuliwa, likawa uraka. Korosho ikachomwa na watoto motoni. Lakini mti huu ulikuwa na tabia moja iliyoupendeza sana udongo wetu. Wale mnaokaa kwenye nyanda za juu za Wamakonde mwajua jinsi mchanga wa huko unavyoyanywa maji ya mvua yote, hata akina mama zetu wakawa wakiteremka mabondeni usiku kutafuta ndoo moja. Mkorosho hupeleka mizizi yake chini sana, ukapata maji ambayo mahindi hayafikii. Tena huchanua wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Agosti au Septemba, mvua zikiwa zimekwisha, na korosho huanguka kuanzia Septemba hata Desemba na Januari. Mvua ikinyesha juu ya maua ni hasara. Umande mwingi na ubaridi wa asubuhi nao ni hasara, kama tutakavyoona mbele.

Katika siku za Wajerumani, na miaka ya kwanza ya Waingereza, Jimbo la Kusini lilisifika kwa umaskini wake kuliko kwa mazao yake. Ufuta, mihogo, nta na karanga viliuzwa kidogo kidogo. Vijana wenye nguvu waliondoka kwenda mashamba ya mkonge wakaitwa manamba, wakarudi baada ya mwaka au miaka wakiwa na blanketi na fedha ya kodi. Wengine hawakurudi. Ndipo katika miaka ya 1930 na zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili watu wakaanza kupanda mikorosho kwa kusudi la kuuza, maana wafanya biashara walikuwa wakizinunua korosho ghafi na kuzipeleka Bara Hindi, ambako wanawake wa Kerala walizibangua kwa mkono. Mkulima alipanda mikorosho pamoja na mihogo na mahindi yake. Mihogo ilipokwisha kung'olewa na shamba kuachwa lipumzike, mikorosho ilibaki imesimama. Hivyo mali ilipatikana bila kuacha chakula.

Hapa twaomba ruhusa tutoke njiani kidogo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza ule mpango mkubwa wa karanga, nao ukafika Nachingwea pamoja na matrekta, wataalamu na mamilioni ya pauni. Reli ikajengwa na bandari ya maji marefu ikachimbwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Karanga hazikupatikana za kutosha hata kulipia petroli. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Bandari ndiyo iliyobaki, na zao lililokuja kuijaza ni lile ambalo hapana aliyelitolea pauni hata moja, lililopandwa na wazee kwa jembe la mkono na mbegu ya kuokota. Sisi hatusemi kwamba fedha na elimu havifai. Twasema tu kwamba jambo hili lafaa kukumbukwa kila tunapoletewa mpango mkubwa.

Bei ya siku zile ilikuwa ni ya dukani. Mkulima alichukua korosho zake kwa mwenye duka, zikapimwa kwa debe au kwa pishi, naye akalipwa fedha kidogo na chumvi au kanga. Aliyeshikwa na shida mwezi wa Mei, kabla ya maua, aliweka rehani mikorosho yake: alichukua fedha leo, na mwenye fedha akaokota korosho za msimu ule, na pengine za misimu miwili au mitatu iliyofuata. Ardhi ilibaki ya ukoo, bali matunda yalikuwa ya mwingine. Kwa ajili ya mambo haya mawili, kipimo na rehani, vyama vya ushirika vya kwanza vya Kusini vilipokelewa kwa furaha katika miaka ya 1950 na baada ya Uhuru mwaka 1961. Mizani iliwekwa mahali pa debe. Stakabadhi ikaandikwa. Mtu aliona kwa macho yake mshale wa mizani ukisimama, na hata asiyejua kusoma alijua mshale.

Matokeo yake yalionekana, ila hayakuonekana mara moja, na jambo hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na hufikia nguvu yake baadaye sana. Kwa hiyo mavuno ya msimu mmoja ni majibu ya bei na maneno ya miaka mingi iliyopita. Nchi yetu ilipouza tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kiasi kilichoiweka katika safu ya mbele ya nchi zenye korosho duniani, zile tani hazikutokana na juhudi za mwaka 1973. Zilipandwa katika miaka ya 1950 na 1960 na watu walioamini kwamba watazivuna wao wenyewe, na kwamba mizani itakuwapo.

Baada ya msimu ule zao lilianguka. Msimu wa 1975/76 hazikufika tani 85,000. Msimu wa 1979/80 zilizidi 40,000 kidogo tu. Na msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata tani zipatazo 16,500, yaani katika kila magunia tisa ya zamani lilibaki moja. Tulipokuwa shule ya sekondari tulifundishwa habari hizi kwa mstari mmoja, kwamba uzalishaji ulipungua kutokana na sababu mbalimbali. Sababu hizo ni zipi, na ipi ilitangulia? Mkiwauliza wazee watatu mtapata majibu matatu.

Wa kwanza atasema ni vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walihamishwa kutoka maskani yao ya zamani wakakusanywa katika vijiji vilivyopangwa. Shule, zahanati na maji vilikusudiwa kuwafikia kwa urahisi, na wengi wetu tulisoma katika shule hizo. Hatuwezi kulikana hilo. Lakini mikorosho haikuweza kuhama. Shamba lililokuwa nyuma ya nyumba likawa la mwendo wa saa mbili au tatu. Korosho ni zao la kuokotwa kila siku au kila baada ya siku chache. Ikikaa chini huoza, huliwa, au huibwa. Palizi ikaachwa, msitu ukaingia, na moto wa kiangazi ukaja ukala miti pamoja na nyasi.

Wa pili atasema ni ugonjwa. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofunika machipukizi na maua kama unga wa muhogo, ulitambuliwa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ua lililoshikwa halifungi tunda. Mti hubaki mkubwa, wa kijani, mzuri wa kuutazama, wala hauna kitu.

Wa tatu atasema ni bei. Mamlaka ya Korosho iliundwa mwaka 1973, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, hata mkulima akabaki na mnunuzi mmoja. Bei ilitangazwa kwa mwaka, nayo ilipandishwa mara kwa mara kwa hesabu ya shilingi. Ila sabuni, nguo na mafuta ya taa vilipanda mbio zaidi, na pengine havikuwapo dukani kabisa. Malipo yalichelewa. Mtu aliyeuza korosho Novemba akasubiri fedha hata Machi hapati nguvu ya kufyeka shamba Aprili.

Sisi twaona wote watatu wasema kweli, ila si kwa kadiri moja. Tazameni miaka. Zao lilikuwa limekwisha kushuka kutoka tani 145,000 hata chini ya 85,000 kabla ugonjwa haujatambuliwa. Basi ubwiri unga haukuwa adui wa kwanza kuingia. Uliingia nyumba ambayo mlango ulikuwa wazi. Shamba lililofyekwa na kupogolewa hupitisha hewa na jua, na ukungu haupati raha. Shamba lililoachwa likawa pori ni kitalu cha ugonjwa. Mkulima aliondolewa karibu na mti, kisha akakatishwa tamaa na bei, na baada ya hayo ugonjwa ukamaliza kazi. Wataalamu wengine wanaweza kutupinga, nasi tutawasikiliza. Lakini mpangilio wa miaka haupingiki.

Jambo la kusikitisha kupita yote katika kipindi kile ni viwanda. Kwa mikopo ya kutoka nje nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa huku Kusini, vyenye uwezo wa kubangua tani zipatazo 113,000 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema kabisa: kwa nini tuuze korosho ghafi Bara Hindi, na kazi ya kubangua iwe yao? Lakini mashine zilipokuwa zikifungwa, korosho zilikuwa zikipungua. Mwaka 1986/87 mavuno yote ya nchi yasingetosha kukilisha hata kimoja kwa kila sita ya uwezo ule. Viwanda vikasimama, baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, na vingine vimetumika kuwa maghala. Wanachama waliopita Newala, Masasi au Lindi wameviona.

Kufufuka kwa zao kulianza mahali pasipo na makelele, katika Kituo cha Utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara. Watafiti walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwenye maua na machipukizi huzuia ubwiri unga. Kazi hufanywa alfajiri, majani yakiwa na umande ili unga ushike, na upepo ukiwa bado haujaamka. Kipimo kilichofundishwa ni robo kilo kwa mti mkubwa kila mara, na kurudia baada ya siku kumi na nne hivi, hata mara tano kwa msimu. Kituo hicho pia kilichagua mikorosho izaayo sana na kuvumilia maradhi, kikatoa miche bora ya kubebesha, ambayo leo imejaa katika mashamba mapya. Mabwana Shamba walifundisha kupunguza miti iliyosongamana na kupanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12.

Twataka tufanye hesabu ndogo hapa, kwa mfano tu, maana kila mwanachama anaweza kuifanya kwa shamba lake. Ekari moja kwa nafasi hiyo hubeba miti ipatayo 28. Mti ulioachwa bila palizi wala salfa, tuseme unatoa kilo 3. Ekari itatoa kilo 84. Mti uliotunzwa, tuseme kilo 12. Ekari itatoa kilo 336. Sasa mpeni yule mvivu bei nzuri sana, shilingi 4,000 kwa kilo: atapata shilingi 336,000. Mpeni mwenye bidii bei mbaya, shilingi 2,000: atapata shilingi 672,000. Kutokana na hizo atatoa gharama ya salfa ya kilo 35, vibarua na mafuta ya mashine ya kupulizia, na bado mara nyingi atamzidi mwenzake. Katika mikutano yetu mikuu ajenda ya bei huchukua saa nne, na ajenda ya pembejeo na palizi huchukua dakika ishirini, watu wakiwa wameanza kutazama sufuria za wali.

Hata hivyo hesabu hiyo ina upande wa pili, na hatutendi haki tukiuficha. Salfa hununuliwa Mei na Juni, wakati ambao mkulima hana fedha. Atainunua kwa fedha ya msimu uliopita au kwa mkopo wa kutegemea msimu ujao. Kwa hiyo bei ya mwaka huu ndiyo salfa ya mwaka kesho. Jambo hili lilionekana wazi mwanzoni mwa karne hii. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi tangu msimu wa 1991/92, ushindani ukapandisha bei, wakulima wakanunua salfa, na msimu wa 1999/2000 zao likavuka tani 120,000. Msimu uliofuata bei ya dunia ikaanguka vibaya, wanunuzi wakaja wachache na kutoa walichotaka. Wakulima hawakufanya mkutano wala mgomo. Walikaa kimya tu wasinunue salfa. Msimu wa 2001/02 nchi ilipata chini ya tani 70,000. Karibu nusu ya mavuno ilipotea kwa mwaka mmoja, na miti ilikuwa ni ile ile.

Biashara ile huria ilikuwa na ubaya mwingine. Mnunuzi alifika mlangoni na mizani aliyoifunga mwenyewe nyuma ya baiskeli, au bila mizani, akiwa na bakuli. Ndiyo hiyo iitwayo kangomba, ambayo twaona ni debe la zamani lililobadilishwa jina. Mwenye njaa Julai aliuza korosho zilizokuwa bado maua. Kwa sababu hizo, baada ya kutungwa Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika Mtwara katika msimu wa 2007/08. Wanachama mnaujua: korosho hupelekwa chama cha msingi, zikaangaliwa ukavu na kuwekwa daraja la kwanza au la pili, zikapimwa, zikatiwa katika magunia ya juti, zikaenda ghala kuu, kisha wanunuzi huleta zabuni zao, nasi tukazifungua mbele ya wakulima, wakakubali au wakakataa.

Mfumo huu umesaidia kuinua bei, na hatutaki kusikia ukibezwa na watu waliouza kwa bakuli. Msimu wa 2011/12 nchi ilipata tani zipatazo 158,000, ikavuka kwa mara ya kwanza kiasi cha 1973/74, baada ya karibu miaka arubaini. Lakini ulianza na kasoro moja kubwa. Mkulima alilipwa sehemu kwanza kwa mkopo wa benki, na sehemu ya pili baada ya mauzo. Na baina ya malipo haya mawili palikuwa na riba, usafiri, ghala, ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi na fungu la chama kikuu. Korosho zikichelewa kuuzwa, riba iliendelea kula. Aprili 2013 huko Liwale malipo ya pili yalikuja pungufu sana ya yale yaliyotarajiwa, watu wakaghadhibika na nyumba za baadhi ya viongozi zikachomwa moto. Uchomaji wa nyumba ni uhalifu na hauna utetezi. Lakini viongozi wenzetu wafikirie: mkulima aliyeonyeshwa bei moja na kulipwa nyingine, bila karatasi ya kumweleza kila senti ilikwenda wapi, hana njia ya kutofautisha soko baya na katibu mwizi.

Ndipo tunafika katika miaka yetu kumi. Chama chetu Kikuu kilipokea korosho zake za kwanza msimu wa 2015/16, nchi ikiwa na tani zipatazo 155,000. Msimu uliofuata zikawa 265,000, na msimu wa 2017/18 zikafika 313,000, bei ikipita shilingi 4,000 katika baadhi ya minada. Mabati yalinunuliwa, pikipiki zilinunuliwa, watoto walipelekwa shule. Na wengine, tuseme kweli, walikunywa. Chanzo cha neema ile ni kitu zaidi ya kimoja. Miche iliyopandwa miaka kumi iliyotangulia ilikuwa imekua. Salfa ilitolewa bila malipo msimu wa 2017/18. Na korosho zetu hutoka Oktoba hadi Desemba, wakati India na nchi za Afrika ya Magharibi hazina mavuno mapya, kwa hiyo wabanguaji wa India na Vietnam hutugombania.

Msimu wa 2018/19 tuliokuwa ofisini hatutausahau. Bei ya dunia ilishuka. Minada ya kwanza ya Oktoba 2018 ilipofunguliwa, zabuni zilikuwa chini ya shilingi 3,000, wakulima wakazikataa kwa kunyoosha mikono, kama kanuni inavyowaruhusu. Wanunuzi hawakupanda kufika walikotakiwa. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisafirisha. Bei ilikuwa nzuri kuliko ya soko. Lakini palikuwa na uhakiki wa mashamba ili kuwakamata watu wa kangomba, malipo yakaenda polepole, na wako wakulima waliongoja mwaka 2019 ukafika katikati. Mwaka ule ule wa 2018 sheria ilibadilishwa: ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa ikirudi kuliendeleza zao, ukaingia wote katika mfuko mkuu wa Serikali. Hivyo salfa ya bure ikakoma mwaka ambao mkulima alikuwa bado hajalipwa. Mavuno yalishuka hadi tani 225,000 hivi, na hayakurudi palipokuwa kwa muda wa miaka mitano. Msimu wa 2022/23 hayakufika 200,000.

Mtaona kwamba ni hadithi ile ile ya 1973 na ya 2001, ila safari hii haikwenda hata mwisho wake. Ruzuku ya pembejeo ilirudishwa, Mabwana Shamba wakaongezwa, na wakulima wakaorodheshwa pamoja na mashamba yao. Msimu wa 2023/24 tani zilivuka 300,000, na msimu wa 2024/25 zilivuka 500,000, kiasi ambacho wazee wetu wa mwaka 1973 wangekiita ndoto. Mwaka huo wa 2024 minada ilianza kufanywa kwa njia ya mtandao wa Soko la Bidhaa, na mnada wa kwanza wa Oktoba katika Tandahimba na Newala ulifika shilingi 4,120. Wapo wazee waliotulalamikia kwamba hawaoni tena bahasha zikichanwa mbele yao, wanaona kioo cha televisheni tu ukutani. Malalamiko yao twayaheshimu. Mizani nayo ilipoletwa mara ya kwanza, walikuwapo waliolililia debe.

Mavuno makubwa namna hii yana shida zake. Magunia ya juti hayakutosha kwa wakati katika vyama vyetu kadhaa vya msingi, na korosho zikalala chini ya miti na sebuleni. Ghala lililojengwa kwa mavuno ya nusu hiyo halipanuki kwa kuombwa. Tena nchi ya Ivory Coast huvuna tani zaidi ya milioni moja, na Kambodia nayo imepanda sana. Tukitegemea miezi yetu mitatu ya upweke sokoni, yafaa tujue kwamba wabanguaji wa Vietnam wana maghala ya kuweka akiba. Sehemu kubwa mno ya korosho zetu bado hutoka ghafi katika bandari ya Mtwara, na ganda lake na kazi yake huondoka pamoja nayo. Wanachama hutuuliza kila mwaka juu ya kiwanda. Tuna majibu mawili katika kumbukumbu zetu. La kwanza ni yale majengo 12. La pili ni kwamba sababu iliyoyaua, yaani ukosefu wa korosho, leo haipo. Zilizobaki ni bei ya umeme, mtaji wa kununua korosho za mwaka mzima kwa miezi mitatu, na ushindani na mnunuzi wa nje katika mnada huo huo. Hayo hayajatatuliwa, na Bodi imeyapeleka mbele ya Mkutano Mkuu ujao.

Katika kukusanya habari hizi tulifungua vitabu vya mapokezi vya vyama vyetu vya msingi. Vimeandikwa vizuri, na makatibu wake wastahili pongezi: jina, tarehe, daraja, kilo, fedha. Kitu tulichokikosa ni habari ya mti. Hakuna palipoandikwa ni miti mingapi iliyotoa kilo zile, ina umri gani, na ilipata salfa mara ngapi. Kwa hiyo, kwa idhini ya Bodi, vitabu vya msimu ujao vimechapwa na safu tatu zaidi upande wa kulia. Mwanachama atakapofika na mzigo wake ataulizwa maswali hayo matatu kabla ya kupanda mizani, nasi twaomba ayajibu kwa kweli, hata kama jibu la swali la tatu ni sifuri.